Nywila moja ya SACCOS na tovuti ya WordPress: kwa nini wengine wanaingia na wengine wanakataliwa

Swali la msomaji: Ninasimamia kompyuta kwenye SACCOS yetu. Wanachama kama 4,000 wamo kwenye kanzidata ya MariaDB ya mfumo wa akiba na mikopo, kwenye seva iliyopo ofisini. Tovuti yetu ni ya WordPress na iko kwenye seva ya kukodi. Bodi inataka mwanachama aingie kwenye tovuti kwa namba yake ya uanachama na nywila ileile anayoitumia kwenye mfumo. Nimenakili jedwali la wanachama kwenda `wp_users`. Wengine wanaingia, wengine wanaambiwa nywila si sahihi wakati ni sahihi, na wengine wanaingia halafu wanaambiwa hawana ruhusa. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, acha kunakili. Hata ukizirekebisha hitilafu zote leo, wiki ijayo mwanachama atabadili nywila kule ofisini na tovuti itaendelea kuitambua ile ya zamani. Nywila ikae mahali pamoja tu, kwenye mfumo wa SACCOS, na tovuti iwe inauliza kila mtu anapoingia. Nitaeleza namna ya kufanya hivyo. Kwanza tuone kwa nini matokeo yako yametofautiana, maana baadhi ya sababu hizo zitakufuata hadi kwenye njia mpya.

Kwenye kanzidata ya SACCOS endesha hii:

```sql
SELECT LENGTH(nywila) AS urefu, LEFT(nywila, 4) AS mwanzo, COUNT(*)
FROM wanachama GROUP BY urefu, mwanzo ORDER BY COUNT(*) DESC LIMIT 20;
```

Mfumo ulioishi miaka mingi na kupita mikononi mwa watengenezaji kadhaa huwa umehifadhi nywila kwa mitindo zaidi ya mmoja ya hashi, yaani nywila iliyosagwa ikawa herufi zisizorudishika. Herufi 32 za tarakimu na a hadi f ni MD5. Herufi 40 ni SHA-1, na mara nyingi pembeni kuna safu nyingine ya chumvi, yaani maneno yanayochanganywa na nywila kabla ya kusagwa. Herufi 60 zinazoanza na `$2y$` ni bcrypt. WordPress inaelewa MD5 tupu: ikikuta herufi zisizozidi 32 kwenye `user_pass`, inasaga nywila kwa MD5, inalinganisha, na vikilingana inaihifadhi upya kwa mtindo wake. Bcrypt nayo inaielewa. SHA-1 haiijui kabisa, na MD5 iliyotiwa chumvi haiwezi kuitambua kwa sababu haina habari ya chumvi hiyo. Wanaoingia kwako bila shaka ni wale wa MD5 tupu au bcrypt. Ukiona bcrypt zenye urefu wa 50 au 45, ujue safu ni fupi na hashi zimekatwa mkia. Hizo hazitafunguka popote, kwenye tovuti wala kwenye mfumo wenyewe, na wenye akaunti hizo watahitaji nywila mpya.

Kundi la tatu, wanaoingia na kukosa ruhusa, lina sababu nyepesi. WordPress haiweki madaraka ya mtu kwenye `wp_users`. Yako kwenye `wp_usermeta`, kwa ufunguo `wp_capabilities`. Wewe umenakili watu bila madaraka yao, kwa hiyo wanatambuliwa lakini hawana cheo chochote.

Sasa kuna kundi ambalo hujalitaja, na nina hakika limo ndani ya hao wanaokataliwa: wenye ritifaa (alama ya ') kwenye nywila. Hapa tukae kidogo, kwa sababu kwa wasemaji wa Kiswahili jambo hili ni la kila siku. Mtu ameweka nywila `Ng'ombe2016`. WordPress, kwa mazoea ya zamani ya PHP, huongeza mkwaju wa nyuma (\) mbele ya kila ritifaa, alama ya kunukuu na mkwaju wa nyuma katika kila kinachotoka kwenye fomu. Nywila inayofika kwenye ukaguzi ni `Ng\'ombe2016`. Ndani ya WordPress yenyewe hakuna anayegundua, kwa kuwa mkwaju huo uliongezwa pia siku nywila ilipowekwa, na vitu viwili vilivyoharibika kwa namna moja vinalingana. Hashi yako imetoka nje, kwenye mfumo usioongeza chochote, kwa hiyo hazilingani kamwe. Mwanachama anaandika nywila yake vizuri mara tano na anakataliwa mara tano. Dawa ni kupitisha nywila kwenye `wp_unslash` kabla ya kuilinganisha au kuituma popote. Tena, WordPress hukata nafasi tupu za mwanzo na mwisho wa nywila kabla haijakufikia. Nafasi hizo huwezi kuzirudisha, kwa hiyo mwanachama mwenye nywila ya namna hiyo abadili tu.

Mahali pa kuuliza

Ukishaamua kwamba tovuti itauliza, swali ni inauliza vipi. Njia inayokuja haraka akilini ni kuifungulia tovuti bandari 3306 ya MariaDB. Kwa hali yako naikataa. Seva ya ofisini ingekuwa wazi kwa intaneti nzima, seva nyingi za kukodi za bei ya chini huzuia kutoka nje kwa bandari hiyo, na msimbo wa tovuti ungelazimika kujua mitindo yote mitatu ya hashi. Tovuti na kanzidata zingekuwa kwenye mashine moja ningekuwa na neno tofauti.

Weka badala yake mlango mdogo upande wa SACCOS: faili moja ya PHP isiyozidi mistari hamsini, inayopokea namba na nywila kwa HTTPS na kurudisha majibu ya aina mbili tu. Msimbo 200 wenye kitambulisho, jina na hali ya uanachama, au msimbo 401 usio na maelezo. Usitofautishe "namba haipo" na "nywila si sahihi", maana utakuwa unamsaidia mtu anayetafuta namba za wanachama. Ukaguzi wa hashi unafanyika hapohapo, na mwenye mfumo anaujua mtindo wake. Ukikuta `$2y$`, tumia `password_verify`. Ukikuta SHA-1, changanya chumvi kwa mpangilio uleule wa mfumo, uone kama inatangulia au inafuata nywila, kisha linganisha kwa `hash_equals`.

Mlango huu usipewe akaunti ya kanzidata yenye nguvu zote. Tengeneza mwono (view) wenye safu sita tu, kisha akaunti ya kusoma mwono huo na si kingine:

```sql
CREATE VIEW mwono_kuingia AS
  SELECT id, namba, jina, nywila, chumvi, hali FROM wanachama;
CREATE USER 'mlango'@'localhost' IDENTIFIED BY '...';
GRANT SELECT ON saccos.mwono_kuingia TO 'mlango'@'localhost';
```

Hata mlango ukivunjwa, aliyevunja haoni salio la mtu wala hawezi kubadili kitu. Hashi ataziona, na ndiyo sababu zile MD5 na SHA-1 ziondoke: kwenye mfumo mkuu, mtu akiingia kwa mafanikio, isage nywila yake upya kwa `password_hash` na uihifadhi kwenye safu ya VARCHAR(255). Wanaoingia mara kwa mara watahama wenyewe ndani ya miezi michache bila kuambiwa kitu.

Ofisi nyingi hazina anwani ya kudumu ya intaneti. Mtoa huduma anawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hapo hakuna bandari ya kufungua hata ukitaka. Suluhisho ni seva ya ofisi ianzishe mawasiliano yenyewe kutoka ndani. Kama tovuti iko kwenye seva unayoimiliki kikamilifu, WireGuard, programu ya handaki la siri (VPN), inatosha; weka `PersistentKeepalive = 25` upande wa ofisi ili handaki lisilale. Ila jiulize swali la umeme. Ukikatika ofisini usiku, hakuna mwanachama atakayeingia kwenye tovuti mpaka asubuhi. Kama bodi haikubali hilo, weka nakala ya kusoma ya MariaDB kwenye seva ya kukodi inayojisasisha kutoka ofisini, na mlango uhamie huko. Hili ni uamuzi wa bodi, na wapewe gharama zake kabla hujaanza kuandika msimbo.

Upande wa WordPress

Kuna plagini za kazi hii, lakini kwa SACCOS ningeandika msimbo wenyewe. Ni mfupi na utajua kila kinachofanyika ndani yake. Uweke kwenye `wp-content/mu-plugins`, ambako hakuna mtu atakayeuzima kwa kubonyeza kwa bahati mbaya.

```php
add_filter( 'authenticate', 'saccos_ingia', 25, 3 );

function saccos_ingia( $user, $namba, $nywila ) {
    if ( $user instanceof WP_User || '' === $namba || '' === $nywila ) {
        return $user;
    }
    $jibu = wp_remote_post( SACCOS_API . '/thibitisha', array(
        'timeout' => 5,
        'headers' => array( 'X-Saccos-Ufunguo' => SACCOS_UFUNGUO ),
        'body'    => array(
            'namba'  => $namba,
            'nywila' => wp_unslash( $nywila ),
        ),
    ) );
    $hali = wp_remote_retrieve_response_code( $jibu );
    if ( 401 === $hali ) {
        return new WP_Error( 'saccos_kosa', 'Namba au nywila si sahihi.' );
    }
    $data = json_decode( wp_remote_retrieve_body( $jibu ) );
    if ( 200 !== $hali || empty( $data->id ) ) {
        return new WP_Error( 'saccos_kimya',
            'Mfumo wa wanachama haupatikani kwa sasa. Nywila yako haijakataliwa.' );
    }
    return saccos_kivuli( $data );
}
```

Anwani na ufunguo viandikwe kwenye `wp-config.php`, si humu.

Ile namba 25 kwenye `add_filter` ni kipaumbele, na ndogo hutangulia; usiibadilishe bila kuelewa. Ukaguzi wa kawaida wa WordPress unakaa kwenye kipaumbele cha 20. Wengi huweka wao kwenye 10, ili wawe wa kwanza, na hapo ndipo shimo lilipo: ukirudisha kosa kwenye 10, ukaguzi wa 20 haulijali. Unaendelea na kutazama `wp_users` wenyewe, na nywila ya zamani iliyonakiliwa inamfungulia mtu uliyemkatalia sekunde hiyohiyo. Kwenye 25 mpangilio unageuka. Msimamizi wa tovuti anakubaliwa kwenye 20 kwa akaunti yake ya ndani na msimbo wako humwachia apite bila kuuliza nje. Mwanachama anashindwa kwenye 20, kisha anaulizwa kwenye mlango, na jibu la mlango ndilo la mwisho. Faida yake ni kwamba ofisi ikizimika wewe bado unaingia kurekebisha mambo.

Kazi ya `saccos_kivuli` ni kumtafutia mwanachama akaunti nyepesi ndani ya WordPress, au kumtengenezea kama hana, na kurudisha `WP_User`. Imtafute kwa `get_users` kwa ufunguo wa meta, tuseme `saccos_id`, wenye thamani ya kitambulisho cha kudumu kutoka kwenye mfumo. Usimtafute kwa barua pepe. Karani akikosea, au mwanachama mjanja akibadilisha barua pepe yake kwenye mfumo iwe ile ya msimamizi wa tovuti, tovuti itamkabidhi akaunti ya msimamizi. Kwa sababu hiyohiyo cheo kiwe `subscriber`, kile cha chini kabisa, daima, na msimbo ukatae kurudisha akaunti yoyote yenye cheo kikubwa zaidi hata kama `saccos_id` imelingana.

Jina la kuingilia la ndani usilifanye namba ya uanachama. `wp_insert_user` hufuta kila kisicho herufi, tarakimu, nafasi, nukta, kistari, kistari cha chini (_) au alama ya @. Namba `SC/0412/2016` itabaki `SC04122016`. Hilo lingevumilika, lakini `SC/11/2` na `SC/1/12` zote zinakuwa `SC112`, na wa pili atashindwa kusajiliwa bila mtu kujua kwa nini. Tumia `mw` ikifuatwa na kitambulisho: `mw412`. Mwanachama hatalijua jina hilo. Ataendelea kuandika namba yake yenye mikwaju, na msimbo utamtafuta kwa meta.

Nywila ya ndani iwe ya bahati nasibu, `wp_generate_password( 64 )`, na iwekwe mara moja tu, siku akaunti inapotengenezwa. Watu hujaribiwa kuihifadhi ile halisi kila mtu anapoingia, "ili mfumo ukizima aingie hivyohivyo". Madhara ni mawili. Nywila inarudi kukaa sehemu mbili, tulikotoka. Na kidakuzi (cookie) cha kuingia cha WordPress kimefungwa na kipande cha hashi ya `user_pass`, kwa hiyo kila ukiibadili, vidakuzi vyote vya mtu huyo vinakufa. Akiingia kwa simu anatupwa nje kwenye kompyuta, akirudi kwenye kompyuta anatupwa nje kwenye simu.

Barua pepe ikikosekana usibuni. `wp_insert_user` inakubali mtu asiye na barua pepe, lakini haikubali watu wawili wenye anwani moja, na kwenye SACCOS mume na mke kutumia anwani moja ni kawaida. Acha wazi. Kama wanachama wako wanataka kuingia kwa namba ya simu, kazi ya kuiweka sawa ifanyike kwenye mlango: `0712…`, `712…`, `255712…` na `+255 712…` zote zifikishwe kwenye sura moja kabla ya kutafuta, na namba inayotumiwa na wanachama wawili ikataliwe kwa wote mpaka ofisi iwatenganishe.

Yanayoharibika baadaye

La kwanza ni mwanachama aliyesimamishwa. Tovuti inauliza wakati wa kuingia tu. Akishaingia, kidakuzi chake kinadumu siku 2, au siku 14 akiweka alama ya "nikumbuke". Punguza kwa kichujio `auth_cookie_expiration`, saa 12 kwa wanachama ni muda mzuri. Kisha kila saa tovuti iombe kutoka kwenye mlango orodha ya waliosimamishwa, na kwa kila mmoja iite `WP_Session_Tokens::get_instance( $id )->destroy_all()`. Ratiba ya ndani ya WordPress huamka tu mtu anapotembelea tovuti, kwa hiyo izime kwa `DISABLE_WP_CRON` na utumie kron (cron) ya seva, yaani ratiba ya seva yenyewe.

La pili ni ulinzi wa kujaribu nywila. Mlango wako unaona anwani moja tu, ile ya tovuti, kwa wanachama wote. Ukiufundisha kufunga anwani iliyokosea mara kumi, watu kumi wakikosea asubuhi moja utakuwa umewafungia wote 4,000. Hesabu kwa namba ya uanachama: makosa matano, subiri dakika 15. Na kama tovuti ina plagini ya kuzuia majaribio, ikague pia. Plagini hizo husikiliza tukio `wp_login_failed`, na tukio hilo hupigwa hata kosa likiwa ni `saccos_kimya`. Mtandao ukikatika kwa dakika kumi, plagini itawahesabia wanachama makosa yasiyo yao na kuwafungia baada ya mtandao kurudi. Tukio hilo hupeleka pia kosa lenyewe, kwa hiyo tafuta plagini inayokuruhusu kutolihesabu kosa hilo la `saccos_kimya`.

La tatu ni kiungo cha "umesahau nywila". Kwa mwanachama hakina maana, kwani kitabadili nywila ya ndani isiyotumika, halafu itaanza kutumika, na itamfungulia kwenye 20 bila mlango kuulizwa. Elekeza kiungo kwenye ukurasa wa mfumo kwa kichujio `lostpassword_url`, rudisha `false` kwenye `allow_password_reset` kwa kila mwenye `saccos_id`, na uzifiche sehemu za nywila kwenye wasifu kwa `show_password_fields`.

Na zile rekodi ulizokwisha kunakili? Chukua nakala kwanza kwa amri ya WP-CLI, `wp db export`. Kama hakuna mwanachama aliyeandika maoni au kujaza chochote, zifute, ni safi zaidi. Kama wameshatumia, mpe kila mmoja `saccos_id` yake na cheo cha `subscriber`, kisha uzivuruge nywila zao kwa `wp user reset-password` ukiweka `--skip-email`, la sivyo watu 4,000 watapokea barua za kuwatisha. Hatua hii usiiruke. Hashi za zamani zikibaki mle, kipaumbele cha 20 kitaendelea kuzikubali.

Kuhusu sheria: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Seva yako ya kukodi ikiwa nje ya nchi, kila safu unayoipeleka huko ni taarifa za wanachama zinazovuka mpaka. Kwa mpango huu, mlango ukibaki ofisini, kinachokwenda ni kitambulisho, jina na hali ya uanachama tu, na hilo utaweza kulieleza mbele ya yeyote.

Siku bodi itakapotaka programu ya simu nayo itumie nywila hiyohiyo, usiongeze mlango wa pili. Hapo ndipo pa kuweka Keycloak, programu ya kusimamia uingiaji, inayoweza kuusoma mfumo wako wa wanachama kwa kiunganishi na kuhudumia tovuti na simu kwa OpenID Connect, utaratibu wa wazi wa kuthibitisha watu. Kwa tovuti moja peke yake ni mzigo mkubwa kuliko kazi.

Kabla ya kufungua kwa wanachama, jaribu kwa akaunti hizi: yenye ritifaa kwenye nywila, yenye mkwaju wa nyuma, ya MD5, ya SHA-1, isiyo na barua pepe, na iliyosimamishwa ikiwa tayari imeingia. Bonyeza kitufe cha kuingia mara mbili haraka kwa mtu ambaye hajawahi kuingia. Maombi mawili yatataka kutengeneza `mw412` kwa pamoja, la pili litashindwa kwa `existing_user_login`, na `saccos_kivuli` inapaswa kumtafuta tena badala ya kumwonyesha mtu kosa. Mwisho chomoa waya wa mtandao wa seva ya ofisi na ujaribu kuingia kama msimamizi, kisha kama mwanachama. Wa kwanza aingie mara moja, wa pili aone ule ujumbe wa mfumo kutopatikana ndani ya sekunde tano au sita. Akiona ukurasa mweupe, angalia kama kuna mahali umetumia `new wpdb` kufikia kanzidata ya nje: ikishindwa kuunganika, hiyo inaweza kusimamisha ukurasa mzima, hata kwa msimamizi.